Aliyesamehewa Deni Apende Hivyo



Katika Luka 7 Yesu anataja watu wawili wenye deni: mmoja dinari 500, mwingine 50. Wote walishindwa, wote wakasamehewa. Sisi wa mikopo twajua deni linavyonyima usingizi!

Uamsho ulipofika Kenya kutoka Rwanda mwaka wa 1937, waliookoka wengi walirudisha mali waliyoiba na kupatana na majirani. Hawakununua msamaha; walishukuru.

Basi mjane akichelewa kulipa, tusikimbilie mbuzi wake. Twende kwanza tumpalilie shamba, tumsikilize, halafu tupange deni upya pamoja naye. Mbele za Mungu, nani kati yetu amemaliza kulipa?