Daftari la Unabii: Tulichapishe?

Maneno haya niliyasema kwenye semina ya viongozi wa pande zote mbili, Sirari na Isebania, tulipokuwa tunaandaa maadhimisho haya. Kamati ikaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, maana mimi ni mtu wa mimbari kuliko kalamu.

Kamati ilitaka gazeti hili lichapishe unabii wote wa mama yetu mwanzilishi, ule niliouandika kwenye daftari nikiwa katibu wa vijana. Nikasema hapana. Watu wakaguna. Sasa nikueleze kwa nini.

Mwaka 1998, kwenye mkesha, mama alisimama akasema lango litafungwa na ndugu watatazamana kwa mbali. Basi. Hakusema lango lipi, hakusema mwaka, hakusema sababu. Akaketi, akaomba maji ya kunywa. Mimi nikaandika kwa kalamu ya bluu.

Miaka ikapita. Mama akalala katika Bwana, mimi nikaenda chuo cha Biblia, nikarudi na cheti na moto mwingi. Kenya ilipochafuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nikafungua daftari. Jamani, niliona kila kitu wazi! Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: vita, kabla ya Pasaka. Jumapili nikahubiri hivyo hivyo. Wala sikusema "nadhani". Nilisema "Bwana asema".

Ndugu mmoja alikuwa na ghala la mahindi upande wa Isebania. Alinisikia, akauza magunia yote kwa bei ya kutupa, akaachia ghala, akahamia Sirari na familia yake. Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila wakatia saini mapatano. Pasaka ikafika, malori yanapita, akina mama wa mitumba wanapita, lango liko wazi. Ndugu yule akaja kwangu jioni, nikamkaribisha kiti, hakuketi. Akaniuliza, "Mwinjilisti, lango limefungwa lini?" Sikuwa na jibu. Binti yake mkubwa hakurudi shule muhula ule, wala uliofuata.

Sisi tuliopita chuo tunapenda sana mahesabu ya Danieli. Lakini hebu mtazame Danieli mwenyewe akisoma unabii wa zamani, sura ya 9. Anasoma Yeremia, anaikuta ile miaka 70. Anafanya nini? Anavaa magunia, anafunga, anatubu dhambi za taifa kama zake mwenyewe. Sioni mahali alipomwambia mtu auze ng'ombe. Miaka mingi baadaye, kule Marekani, mkulima mmoja aitwaye William Miller akazipigia hesabu siku 2,300 za Danieli 8, na wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani. Kukacha, jua likatoka kama kawaida.

Na kwetu hapa? Kanungu, Uganda, watu waliambiwa dunia inaisha mwisho wa 1999. Haikuisha, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya nyumba ya ibada. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Mimi sikuua mtu. Lakini niliposikia habari za Shakahola nilikumbuka ile kalamu yangu nyekundu, sikulala.

Sisemi tufiche kila kitu. Agabo hakuficha. Katika Matendo 11 alisema njaa inakuja, na ndugu wa Antiokia hawakumwuliza tarehe. Kila mtu akatoa alichoweza, mchango ukapelekwa Yudea kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Lakini ukimfuata Agabo huyo huyo mpaka sura ya 21, anaufunga mwili wake kwa mshipi wa Paulo, anasema mwenye mshipi atafungwa hivi Yerusalemu. Ndugu wote wanalia: usiende! Neno "usiende" Agabo hakulisema, wao waliliongeza kwa upendo. Paulo alisikia neno lile lile, akaenda.

Tarehe 16 Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilizuia watu kuvuka mpaka wa Tanzania, yakaruhusiwa magari ya mizigo tu. Simu yangu haikupumzika. "Mwinjilisti, unabii umetimia!" Mwezi uliofuata, mama mzazi wa yule ndugu wa ghala akafariki upande wa Kenya. Yeye yuko Sirari. Mazishi aliyafuata kwa simu, amesimama nje ya nyumba, akitafuta mtandao.

Je, ndilo lango alilosema mama? Huenda. Nimeshakosea mara moja, sitaapa. Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka 12 hakuna aliyethubutu kuligusa neno lile, kwa sababu nilikuwa nimeliaibisha. Tungebaki na wino wa bluu peke yake, pengine tungeulizana kama watu wa Antiokia: likifungwa lango, nani ana mzazi ng'ambo? Nani atamzika? Tungekuwa na sanduku la sadaka kila upande.

Sasa ile nakala ambayo kamati ilileta semina ilikuwa fotokopi. Unajua fotokopi haina nyekundu wala bluu, vyote vinatoka vyeusi. Vijana wetu, Mungu awabariki kwa bidii, wakachapa kwenye kompyuta sentensi moja: lango litafungwa kwa vita kabla ya Pasaka. Chini yake jina la mama. Mama hakusema hivyo! Hayo ni yangu.

Kwa hiyo kamati ilikubali ombi langu, na ndiyo maana hukuti ukurasa huo katika gazeti hili. Daftari lenyewe liko kanisani Sirari, katika kabati la vyombo vya Meza ya Bwana. Anayetaka kulisoma aje Jumatano baada ya maombi, tutaketi naye na mzee mmoja wa kanisa, nami nitamwonyesha ipi ni bluu na ipi ni nyekundu. Ufunguo anao yule ndugu wa ghala. Nilimwomba mimi mwenyewe aushike, akafikiri wiki mbili kabla ya kukubali.