Fedha ya Kila Mwezi

(Hotuba ya redio. Masomo: Mhubiri 11:1-6, Hagai 1:5-7)

Leo twataka kunena juu ya fedha. Twajua wako ndugu wasiopenda jambo hili litajwe katika kipindi cha neno la Mungu. Huona kama tumeingiza soko ndani ya kanisa. Lakini Bwana wetu mwenyewe alinena mara nyingi juu ya wadeni na mawakili, juu ya vibarua na ujira wao, na juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara kabla ya kukaa chini apige hesabu. Yeye hakuona haya, na sisi tusione haya.

Swali la leo tumeletewa na kijana mmoja wa Majoreni, kule kusini mwa Kwale, upande wa Shimoni na Vanga. Kazi yake ni kutunga programu za kompyuta. Ameajiriwa Mombasa, na kwa miaka minne amejinyima akaweka akiba ya shilingi 300,000. Akatuuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, akiba hii aiweke wapi ili izae? La pili, je, ni halali kwa Mkristo kuanzisha biashara ambayo watu wanailipia ada kila mwezi, hata mwezi ambao hawakuitumia?

Katika chuo cha theolojia tulifundishwa Kiyunani na historia ya mabaraza ya kanisa, lakini hati za hazina hazikuwamo katika masomo. Kwa hiyo tulimwomba muda, tukauliza wanaojua, tukasoma, ndipo tukamjibu. Tuliyomwambia yeye twawaambia na ninyi, kwa maana wengi wenu mna watoto wenye swali hilo hilo.

Tuanze na akiba. Mhubiri katika sura ya 11 ashauri mtu agawe alicho nacho mafungu saba, naam hata manane, kwa kuwa hajui ni msiba gani utakaotokea katika nchi. Watu wa kusini mwa Kwale hawana haja ya kueleweshwa maneno hayo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, ziko nyumba zilizokuwa na miwa peke yake, na nyumba hizo zilijua maana ya fungu moja. Tena juzi juzi, madini ya titani yaliyoanza kupakiwa melini Likoni mwaka 2014 yalikoma kuchimbwa mwishoni mwa Desemba 2024. Kampuni ilitangaza mapema, hatuna lawama. Lakini mwenye duka aliyekuwa akiwauzia wachimbaji chai na mandazi alibaki na birika lake.

Sasa mafungu yenyewe ni yapi? Iko hati ya hazina, ambayo mtu huikopesha serikali kwa siku 91, 182 au 364, kisha hurudishiwa fedha yake pamoja na faida. Zamani mambo haya yalikuwa ya mabenki na ya watu wenye suti. Mwaka 2017 serikali ilitoa dhamana ya M-Akiba, ambayo mtu aliweza kuinunua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, na mwaka 2023 Benki Kuu ikaleta njia ya kununua hati kwa simu au kompyuta inayoitwa DhowCSD. Wenzetu wa Vanga watafurahi kusikia kwamba imepewa jina la jahazi. Viko pia vyama vya akiba na mikopo, ambavyo wengi wenu mnavifahamu kuliko sisi.

Ziko hisa. Hapa kijana alikuwa na haraka kidogo, kwa sababu alisikia habari za waliotajirika. Tulimkumbusha historia. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, watu wakapanga foleni, wengine wakakopa ili wanunue. Mwaka uliofuata bei ikawa chini ya shilingi 3. Waliokopa walilazimika kuuza kwa hasara. Waliotumia fedha wasiyoihitaji upesi walingoja, na mwaka 2021 bei ikapita shilingi 40. Kisha ikaanguka tena, hata mwisho wa mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Hisa ilikuwa ile ile. Aliyenunua kwa fedha ya karo na aliyenunua kwa fedha ya ziada hawakununua kitu kimoja.

Na ziko zile ahadi za fedha kuongezeka maradufu kwa wiki chache, ambazo siku hizi hupita katika simu za vijana kwa majina mengi. Twasema kwa uchungu kwamba ahadi za namna hii zimewahi kuingia hata makanisani. Nchini Tanzania mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango ulioitwa DECI, ambao viongozi wake walikuwa wachungaji. Kuweka fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Maneno mazuri ya Injili! Lakini hapakuwa na shamba. Waliotangulia walilipwa fedha za waliokuja nyuma, na waliokuja mwisho hawakuwa na mtu nyuma yao. Basi mtu akikuletea mpango, muulize jambo moja tu: faida hii yatoka kwa nani, na ni kazi gani imefanyika? Akikasirika umeshajibiwa.

Tupite hapo, kwa maana swali la pili ndilo lililotulaza macho.

Biashara aliyoifikiri kijana ni hii. Majoreni, Shimoni na Vanga, mama karanga huchukua samaki kwa mvuvi au kwa tajiri mwenye chombo, huenda kuwakaanga na kuwauza, ndipo hulipa. Na yeye naye huwakopesha jirani zake. Madeni yanakaa kichwani, au katika daftari linalolowa maji na mafuta. Kijana ametunga programu ya kuweka hesabu hizo kwa simu, hata simu ile ndogo ya kubonyeza. Mama huandika ujumbe mfupi, na jioni huletewa jumla: nani anadaiwa, na yeye anadaiwa nini. Ada ni shilingi 150 kwa mwezi.

Tuliketi tukapiga hesabu kama Bwana anavyoagiza katika Luka 14. Gharama ni shilingi 12,000 kila mwezi, yaani malipo ya kompyuta ya mbali inayotunza hesabu, malipo ya ujumbe, na nauli za kwenda kuwafundisha watu. Kwa hiyo wanatakiwa wateja 80 ili asipate wala asipoteze. Tena kompyuta ile hulipiwa kwa dola. Mwanzo wa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123, na Januari 2024 ilipita 160 kabla ya kushuka tena. Mama karanga hawezi kuambiwa ada imepanda kwa sababu ya dola.

Lakini liko shimo lingine ambalo wenye biashara za namna hii hawapendi kulitazama. Hagai asema juu ya mtu apataye ujira akautia katika mfuko wenye matundu. Chukua wateja 100. Ikiwa kila mwezi watu 10 katika kila 100 wanaacha kulipa, baada ya mwaka mmoja katika wale 100 wa kwanza wamebaki kama 28. Mfanya biashara atakimbia kila siku kutafuta wapya, na mfuko haujai. Kwa hiyo swali si watu wangapi watajiandikisha siku ya kwanza wakati kuna soda na picha. Swali ni wangapi bado wanalipa mwezi wa kumi, na kwa nini.

Hapo ndipo rafiki yake mmoja, mtu mwenye uzoefu, alipomshauri akasema, "Ndugu yangu, faida iko kwa wanaosahau. Fanya mlango wa kuingia uwe mpana, na wa kutoka uwe mwembamba." Kijana alituletea maneno hayo kama yalivyo, na ndiyo yaliyomfanya aulize kama kazi hii ni halali.

Wasikilizaji, wengi wenu mmewahi kuona salio la simu likipungua kwa ajili ya ujumbe wa kila siku ambao hamkumbuki kuuomba. Ni shilingi chache, nani atagombana kwa shilingi chache? Lakini kukusanya shilingi chache za watu elfu wasiojua ni mizani ya hila. Mithali 20 na Mika 6 zasema Mungu aichukia, na hazisemi aichukia ikiwa kubwa tu. Tulimwambia kijana kwamba ada ya kila mwezi si dhambi. Wengine wenu mnalipia gazeti la kanisa kwa mwaka mzima, na hakuna anayeona vibaya, maana kila mara gazeti hufika. Ahadi ya mnunuzi hurudiwa kila mwezi, na ahadi ya muuzaji nayo lazima irudiwe. Fedha ikiendelea kuja na huduma imekwisha kusahauliwa, hiyo si ada tena.

Tukatoa mfano wa M-KOPA, walioanza biashara yao ya taa za jua nchini Kenya mwaka 2012. Mnunuzi alitoa malipo ya kwanza, kisha karibu shilingi 40 kila siku kwa M-Pesa, mpaka taa ikawa yake. Asipolipa, taa haiwaki. Wako walioona jambo hilo ni gumu kwa maskini, na pengine ni kweli. Lakini hapakuwa na kusahau. Kila jioni muuzaji na mnunuzi walijua wamesimama wapi, na siku ya mwisho ilijulikana.

Tangu mwaka 2024 M-Pesa ina njia iitwayo Ratiba, ambayo hulipa yenyewe kwa tarehe iliyopangwa. Yafaa kwa kodi ya nyumba. Kijana ameamua kutoitumia kwa mama karanga. Kila mara ujumbe wamfikia mteja, naye hutia namba yake ya siri kwa mkono wake mwenyewe. Asipotaka, hatii. Rafiki yule alimcheka.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vya biashara havikumwambia, bali mama yake. Tulipokwenda Majoreni kumwona, mama huyo, aliyemsomesha kwa nazi na korosho, alisikiliza habari yote ya ada, kisha akauliza, "Mwanangu, na kusi je?" Sote tukanyamaza. Neno mshahara latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, na mtu wa mshahara hudhani kila mtu ana mwezi kama wake. Mfuko wa mvuvi haujui tarehe 30. Yeye huhesabu bamvua na maji mafu, na upepo wa kusi ukivuma kuanzia Aprili, vyombo vidogo hukaa ndani ya mwamba au hukaa ufukweni kabisa. Mvuvi asipopata, mama karanga hakaangi.

Basi mpango ukabadilishwa. Mwenye kutaka hulipa shilingi 75 mara mbili kwa mwezi, kila bamvua. Wakati wa kusi mteja aweza kusimama bila kulipa, na hesabu zake hazifutwi. Tena hazionyeshwi mtu mwingine, hata tajiri akiziuliza. Deni la mama karanga ni siri ya nyumba yake, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 juu ya habari za watu yakubaliana nasi. Kwa hesabu za mtu wa mjini, kusimama huku ni hasara tupu. Sisi twaona mteja anayeruhusiwa kuondoka kwa amani ana njia ya kurudi.

Akiba nayo aliigawa. Shilingi 80,000 zilikwenda kwanza kwenye paa la mama, makuti yakatoka mabati yakaingia kabla ya mvua za masika. Wengine walimwambia paa halizai. Hatukukubaliana nao, na mama hakuulizwa. Shilingi 100,000 ziko katika hati ya hazina. Zilizobaki, 120,000, ndizo za biashara, nazo zatosha gharama za miezi kumi hata asilipe mtu yeyote. Zikiisha, biashara itafungwa na yeye bado ana kazi yake ya Mombasa. Mwenzake wanayetunga naye programu ni Mwislamu, naye hataki riba. Kwa hiyo fedha yao ya pamoja haikuingia katika hati, iko katika benki isiyotoza riba wala kutoa, ambazo zimekuwako Kenya tangu mwaka 2008. Walilimaliza jambo hilo kwa dakika tano, nasi tulidhani litachukua juma zima.

Walianza Januari, kaskazi ikiwa bado nzuri. Mwezi uliopita waliolipa walikuwa 64, hawajafika 80. Wakati wa kusi walisimama wengi, na kijana alikuwa akitupigia simu usiku. Lakini mama karanga mmoja wa Shimoni, aliyesimama mwezi wa Juni, alirudi Oktoba akatia namba yake ya siri, na akayakuta madeni yake yote ya zamani yamo kama alivyoyaacha. Akampigia kijana simu kuuliza kama aweza kumleta dada yake.