Posho, Nauli na Kiwanja: Tabora na Gharama ya Umbali



Mafuta yakipanda bei, sisi wa Tabora tunaumia mara mbili. Kila mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta, na miji iliyo jirani na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hulipa pungufu kuliko sisi wa bara. Lori linalotuletea petroli linachoma dizeli njia nzima, na gharama hiyo huingia katika kila lita. Kisha lita hiyohiyo hutiwa kwenye tangi la bodaboda inayompeleka mtu kwake pembezoni, Ifucha au Itonjanda. Hoja yangu ni moja: kuamua kuishi katikati ya mji au pembezoni ni kuamua nani atalipia umbali, na mji huu ulikuwa na jibu lake kabla petroli haijajulikana.

Zama hizo mizigo ilibebwa na misafara ya wapagazi, na nishati ya msafara ilikuwa chakula. Mpagazi alijitwika mzigo wa kilo 30 hivi, wengine zaidi, na posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Pigeni hesabu. Aliyebeba nafaka tupu angeimaliza kwa siku 40, ilhali kutoka Bagamoyo pwani hadi Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilikuwa miezi miwili, mara nyingi mitatu. Angefika mikono mitupu, tena ana njaa. Ndiyo maana mizigo ilikuwa nguo, shanga na waya kwenda bara, pembe za ndovu kwenda pwani, pamoja na binadamu waliotekwa wakatembezwa kwa miguu yao wenyewe. Chakula kilinunuliwa njiani, na penye uhaba wa maji na nafaka, kama Ugogo, tena pakidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, ndipo safari ilipogharimu zaidi.

Kwa hiyo kituo kikuu hakikuota popote tu. Kilikaa Unyanyembe, katika nchi ya wakulima wa Kinyamwezi, mahali njia zilipogawanyika: moja Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, kituo cha Unyanyembe, mwezi Novemba 1857 hawakukuta mji uliobanana. Walikuta matembe, yaani nyumba za paa bapa, yaliyotawanyika, kila moja na ua wake, ghala lake na bustani yake. Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, ilikuwa makazi mamoja kati ya mengi ya namna hiyo. Mpimaji wa leo angesema ni vitongoji visivyo na mji. Lakini kutoka shambani hadi jikoni zilikuwa hatua chache, na mtu hakuhitaji kusafiri ili ale.

Siwezi kuusifu mpango ule nikanyamaza kuhusu waliolima. Mashamba ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Mwenye tembe aliishi kwa nafuu kwa sababu mtu mwingine alibeba gharama bila malipo, na tabia hiyo ya kumtwika gharama asiye na sauti bado tunayo.

Reli ilifika hapa mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Hesabu ya kibaba ikafutika: nafaka sasa iliweza kusafiri mbali bila kuliwa na anayeibeba. Mji nao ukajikusanya kati ya stesheni, boma na soko. Mtu wa Gongoni au Ng'ambo hata leo huenda sokoni kwa miguu.

Kilichotutawanya upya ni pikipiki. Ilifanya kiwanja cha mbali kikalike, na viwanja vya mbali vikanunulika kwa watu wa kipato kidogo. Siwalaumu walionunua. Pembezoni una nyumba yako, huna mwenye nyumba wa kukugongea mlango mwisho wa mwezi. Unapanda mahindi, unafuga kuku. Hayo ni maisha ya heshima. Lakini mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia, petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni. Nauli ya bodaboda hupatanwa barabarani. Hupanda siku ileile mafuta yanapopanda, na kushuka kwake ni kwa kubembeleza.

Tuseme fundi cherehani anayeishi pembezoni analipa shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 52,000 kwa mwezi, 624,000 kwa mwaka, na kwa miaka kumi inapita milioni sita, bila kuhesabu nauli ya mtoto wa sekondari wala ya mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Kitete usiku. Fedha hiyo ni sehemu ya bei ya kiwanja chake, na hakuna aliyemwonyesha siku anatia saini.

Namheshimu sana mwendesha baiskeli wa Tabora. Ardhi yetu ni tambarare, na baiskeli hainywi petroli. Hata hivyo tunamwacha agombanie ukingo wa lami na malori. Njia yake itengwe kabla barabara haijajengwa, kwa maana ikishajengwa atabaki kuambiwa asogee.

Manispaa inapotangaza viwanja vipya, tangazo litaje pamoja na bei umbali wa kufika sokoni, zahanati na shule ya sekondari. Majengo ya huduma hizo yajengwe kabla awamu inayofuata haijauzwa. Na sasa reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja kwetu. Ardhi inayozunguka stesheni itagombaniwa na wenye fedha. Naiomba Manispaa itenge mapema sehemu ya ardhi hiyo kwa vyumba vya kupanga vya bei nafuu, ili mama lishe, mpakia mizigo na mfagiaji wa stesheni waende kazini kwa miguu.