Kilwa Haitembelewi kwa Saa Tatu: Magofu kama Likizo ya Familia



Nimeombwa nizungumze nanyi, waongoza wageni, walimu na wenye nyumba za kulala wageni, juu ya namna ya kumvuta Mtanzania aje Kilwa kwa mapumziko. Kwa maoni yangu tatizo letu kubwa ni kwamba tunauza magofu kama tunavyouza mbuga. Mbugani, mgeni akishafikishwa karibu na tembo kazi kubwa imekwisha, maana tembo anajieleza. Gofu halijielezi. Mtoto wa darasa la sita akisimamishwa mbele ya ukuta wa matumbawe kwenye jua la saa saba, akatajiwa karne na jina la sultani, ataulizia soda. Na ana haki.

Safari tuliyoizoea mnaijua. Gari linaingia Kilwa Masoko asubuhi, kibali kinakatwa, mashua inavusha watu hadi Kilwa Kisiwani, wanazungushwa Gereza, Msikiti Mkuu na jumba la Makutani, picha zinapigwa, na alasiri wako njiani kurudi. Wanaondoka wakiwa wamechoka, na walichoshika ni kwamba hapo zamani walikaa Waarabu. Hata hicho walichoshika si sahihi: miji hii ni ya Waswahili, waliofanya biashara na Waarabu, Waajemi na Wahindi, wakaoleana na baadhi yao.

Kisingizio cha barabara sasa kimepitwa na wakati. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, hakuna tena kulala Rufiji kusubiri kivuko. Hoja yangu basi ni hii: Kilwa iuzwe kama likizo ya kulala, siku tatu kwa uchache, na mgeni aione kwa kurudi nyuma, kutoka mji wa juzi kwenda mji wa kale.

Kwa hiyo wageni waanze Kilwa Kivinje. Najua wengi wenu mnaipita njia panda ya Nangurukuru moja kwa moja hadi Masoko, mkiiona Kivinje kama mji uliochakaa. Uchakavu huo ndio somo. Mji huu ulitajirika katika karne ya 19 kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kisha Wajerumani wakajenga boma lao, na baada ya Vita vya Majimaji wapiganaji wakanyongwa hapo. Katika mtaa mmoja mgeni anaona nyumba ya mawe yenye watu na baraza lake, ya pili iliyopoteza paa, ya tatu iliyobaki msingi. Mwambieni mtoto aangalie dari: boriti za mikoko zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha apime upana wa chumba kwa hatua. Vyumba vyetu vya pwani ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali. Ikizidi mita tatu hivi, haistahimili uzito wa dari ya mawe na chokaa. Kesho yake, Kisiwani, atakuta chumba kisicho na dari na matundu yamejipanga juu ya ukuta, na hatahitaji kuambiwa ni ya nini.

Kisiwani waende alfajiri, jua halijawa kali. Msikiti Mkuu usielezwe kwa mwaka mmoja, kwa kuwa haukujengwa kwa mara moja. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au karibu na hapo, na paa lake lilikuwa bapa juu ya nguzo. Mwanzoni mwa karne ya 14 ukapanuliwa sana kuelekea kusini, na kuba na matao tunayoyaona leo yanatokana na matengenezo ya baadaye, baada ya paa la upanuzi ule kuanguka. Mwacheni mgeni atembee mwenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla hamjasema neno. Halafu ndipo mweleze chokaa: matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakazimwa kwa maji na kuachwa yaive. Na mweleze mihrabu, kwamba nakshi zake huchongwa kwenye tumbawe lililotolewa baharini likiwa bado laini, kabla halijakauka likawa gumu.

Wageni wa saa tatu hawafiki Husuni Kubwa. Iko mbali na magofu mengine, juu ya jabali linalotazama bahari, na mwongozaji mwenye haraka huionyesha kwa kidole tu. Hapo ndipo penye utajiri wote wa hadithi. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye ghala, ua, na birika la kuogea la pembe nane, kwa fedha iliyotokana na dhahabu ya Sofala. Halikumalizika. Sarafu yenye jina lake imeokotwa Zimbabwe Kuu, bara kabisa. Msafiri Ibn Battuta alifika katika enzi yake, mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa mtawala, lakini nyumba alizozieleza ni za miti zilizoezekwa kwa makuti au majani. Lisemeni hilo waziwazi. Mawe yaliyobaki ni ya wachache. Mji wa walio wengi ulioza ukarudi ardhini.

Atakayekuja kutafuta ngome atapelekwa Gereza, pale ufukweni. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 na wakaondoka mwaka 1512, ila jengo tunaloliona sehemu kubwa ni la enzi ya Waomani. Mwongozaji anayesema "hii ni ngome ya Mreno" akaishia hapo anamdanganya mgeni nusu. Na tusiruke mwaka 1776, ambapo sultani wa Kilwa alifunga mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Watoto wanastahimili ukweli kuliko tunavyodhani.

Kisiwa cha Songo Mnara kiwe siku ya mwisho. Hapo saa ya mkononi haina kazi. Anayepanga safari ni maji. Mashua inapita kwenye mikoko, na maji yakipwa mtashuka mtembee kwenye tope. Nahodha aulizwe jana yake. Faida ni kwamba mgeni anakuta mji mzima wa karne ya 14 hadi ya 16: nyumba kwa nyumba, zidaka ukutani, misikiti, na makaburi kwenye uwanja wa wazi. Wanaakiolojia waliochimba kuanzia mwaka 2009 walionyesha kwamba palikuwa pia na nyumba za udongo katikati ya zile za mawe. Aliyepita Kivinje na Kisiwani atauelewa mji huu bila kusimuliwa sana.

Magofu haya yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na kupanda mikoko kuzuia mmomonyoko. Hata sasa, picha moja ya mtu aliyekaa juu ya ukuta inaweza kuangusha chokaa ya fundi wa miaka mia saba iliyopita. Kuokota vigae vya Kichina ni kosa vilevile, kwa sababu kigae kikishaondoka mahali pake hakimwambii mtafiti kitu. Na Kisiwani kuna kijiji. Chakula cha mchana kipikwe na kinunuliwe huko, badala ya kubebwa kwenye maboksi kutoka Masoko.

Ninachoomba kabla hamjafunga semina hii: ifuteni safari ya saa tatu kwenye orodha zenu za bei za likizo ya Juni, na mahali pake wekeni siku tatu, Kivinje ikiwa ya kwanza. Shule itakayosema haina fedha ya siku tatu, ipeni Kivinje na Kisiwani kwa siku mbili, lakini Husuni Kubwa isiachwe.