Mazungumzo Baada ya Habari: Ulinzi wa Milima ya Kanyosha

Msimu wa mvua unapoingia, wakazi wa Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, huitazama milima kabla ya kuutazama mto. Maji yanayobomoa kingo za mto Kanyosha na kuzitumbukiza nyumba korongoni hayaanzii mtaani. Hutoka kwenye miteremko ya Mumirwa, chini ya vilele vinavyozidi mita 2,500, na kukimbilia ziwa Tanganyika, ambalo halifikii mita 800 juu ya usawa wa bahari. Huo ni mteremko mkali katika masafa mafupi. Zamani kasi ya maji hayo ilivunjwa na msitu. Leo, katika sehemu nyingi, hakuna cha kuivunja.

Msitu huo haukutoweka kwa siku moja, wala kwa mkono wa kizazi kimoja. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita wahunzi wa nchi hizi waliyeyusha chuma kwa makaa ya miti, na wakulima na wafugaji walifyeka wapate mashamba na malisho. Hata hivyo palikuwa na mipaka. Kibira, msitu mkubwa wa kaskazini-magharibi, ulikuwa mahali pa wafalme kuwinda, na makaburi ya wafalme huko Nkiko-Mugamba yalizungukwa na miti ambayo mwananchi hakuthubutu kuigusa. Heshima ilikuwa sheria, na sheria hiyo ilikuwa na walinzi wake.

Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliifanya Kibira hifadhi ya msitu, na mikaratusi ikapandwa vilimani kwa ajili ya kuni na ujenzi. Mwaka 1980 Kibira, yenye hekta zipatazo 40,000, ikawekwa chini ya taasisi ya taifa ya kuhifadhi mazingira. Sheria ya misitu ilitungwa mwaka 1985, ikarekebishwa mwaka 2016. Lakini watu, waliokuwa wapatao milioni 3 wakati wa uhuru mwaka 1962, sasa wamezidi milioni 12, na zaidi ya kaya tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au makaa. Tena vita vilivyoanza mwaka 1993 viliigeuza misitu kuwa maficho na njia za wapiganaji, na mti ukakosa mtetezi.

Huenda askari akauliza: haya yananihusu nini mimi niliyepewa bunduki na si jembe? Yanamhusu sana. Kwanza, kambi ni jiko kubwa. Mwaka 1977 Serikali iliunda shirika la kuchimba ule udongo wa mabondeni unaokaushwa na kuwashwa badala ya kuni, na kambi za jeshi zikawa miongoni mwa wanunuzi wake wakuu. Maana yake ni kwamba suala la sufuria ya askari lilikwisha kutambuliwa kuwa suala la msitu. Pili, taa za kambi nyingi zina asili yake msituni: bwawa la Rwegura, linalotoa umeme wa megawati 18 tangu mwaka 1986, hujazwa na maji ya Kibira.

Tatu, na hili ndilo zito, makaa hayaruki angani. Hupita barabarani, kutoka Ijenda na Bugarama kuelekea jijini, na njiani hukutana na polisi. Mchomaji makaa mara nyingi ni maskini anayetafuta ada ya shule. Si adui wa taifa, naye astahili kuelezwa sheria kwa adabu. Bali lori linalopita usiku na mzigo usio na hati halipiti kwa umaskini wa mchomaji. Hupita kwa sababu kuna noti iliyokunjwa ndani ya kiganja. Noti hiyo ni bei ya mlima, na mlima huo unaweza kuwa ule unaoitazama nyumba aliyopanga askari huyohuyo pale Kanyosha, wanamolala mke na watoto wake.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mafuriko na matope yaliyotelemka kutoka milimani yaliua watu wengi katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Maji hayakuuliza nani ni raia na nani amevaa sare.

Kampeni ya kupanda miti iliyoanzishwa mwaka 2018, Ewe Burundi Urambaye, inaitaka nchi ivikwe nguo. Ni wito mwema. Lakini nguo hulindwa isiibiwe. Mche unaopandwa leo huhitaji miaka mingi kabla mizizi yake haijaweza kuushika mteremko, na mikaratusi peke yake haiwezi kufanya kazi ya msitu wa asili wenye majani, vichaka na nyasi chini yake. Mti mmoja mkubwa usiokatwa una thamani kuliko miche mingi iliyopigwa picha na kusahauliwa.

Basi, askari analinda mpaka, na polisi analinda mali. Udongo wa milima ya Kanyosha ni mpaka na mali kwa pamoja. Ukishafika ziwani, hakuna jeshi litakaloweza kuurudisha.