MSIMAMIZI WA BIDHAA: NI NANI, NA KAZI YAKE NI IPI?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mlio pamoja nasi, wengi wenu mwasomea kompyuta, na ukimuuliza kijana wataka kufanya kazi gani, atakwambia kuandika programu. Ni jambo jema. Lakini je, ni nani anayeamua programu hiyo iwe hivi, isiwe vile? Katika makampuni ya teknolojia mtu huyo ni msimamizi wa bidhaa. Yeye si mkubwa wa mafundi, wala si muuzaji. Husimama baina ya wateja, mafundi na wenye mali, naye hana budi kujibu maswali matatu: Shida ya watu ni ipi? Tuanze na lipi? Na lipi tuliache?

Tuchukue mfano tuujuao sote, M-Pesa. Walioianzisha ni Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, kwa mchango wa serikali ya Uingereza. Majaribio yalianza Oktoba 2005 huko Nairobi na Thika, kwa maduka manane na wateja wasiofika 500. Nia ilikuwa waliokopa kwa shirika la Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Basi!

Sasa tazama watu walifanya nini. Wako waliotia pesa mahali pamoja kabla ya safari, wakazitoa walipofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Wako wenye biashara walioweka humo mauzo ya siku, kwa sababu benki zimeshafungwa. Wengine waliwanunulia jamaa zao wa mashambani kredi ya simu. Na ule ulipaji wa mikopo, ambao ndio uliokusudiwa, ukawa na hesabu za kusumbua.

Wangeweza kusema, "Wateja hawa hawaelewi." Hawakusema hivyo. Machi 2007 Safaricom ilipoizindua, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, na tangazo likawa fupi: tuma pesa nyumbani. Ilifanya kazi kwenye laini yenyewe, hata simu ya bei rahisi iliweza. Na kila ukituma, ujumbe waja kwako na kwa uliyemtumia, kila mtu apate kuamini. Kabla ya mwaka kwisha, wateja walipita milioni moja.

Lakini msidhani yaliyofaa hapa yatafaa kila mahali. Huduma hiyo hiyo ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, na mwaka 2016 ikafungwa. Kule wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, na shida yao haikuwa kama yetu.

Kuna jambo jingine, ndugu msomaji, na hili ni zito zaidi. Baadaye zilikuja programu za mikopo ya simu. Baadhi yake zilichukua majina na nambari zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, wakapigiwa jamaa zake na mwajiri wake ili aaibike. Jambo hilo halikuzuka lenyewe. Kuna mtu alikaa ofisini akaamua programu iwe hivyo. Ikabidi Benki Kuu ya Kenya ikataze mtindo huo katika kanuni zake za 2022. Na hapo sijagusia riba, ambayo hukumu yake mwaijua.

Kwa hivyo, kijana unayetaka kazi hii, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, nenda ukakae siku nzima na mwenye duka au mama muuza mboga. Usimuulize anataka programu gani. Mtazame anavyofanya sasa, na wapi anakwama. Jaribu na watu wachache. Usihesabu waliopakua tu, hesabu waliorudi kuitumia tena. Kisha andika orodha ya mambo ambayo hutayafanya, hata kama yana faida.

Mteja hamjui msimamizi wa bidhaa wala hatamwona maishani. Amempa pesa zake na siri zake bila kujua. Hiyo ni amana, na amana ina mwenyewe wa kuulizwa.