Mbuyu Ulianza Kama Mchicha: Neno la Kamati ya Fedha



Kazi yetu sisi wa kamati ya fedha ni kusoma mapato na matumizi, lakini leo tunaomba kuanza na mbuyu. Wengi wetu tumesomeshwa na mti huo. Mama zetu waliokota mabuyu wakauza. Unga wake ulitiwa kwenye uji, mbegu zikakaangwa, majani machanga yakawa mboga. Magome yalitoa nyuzi za kamba. Mti mwingine ukiuchuna gome kuzunguka shina, hufa. Mbuyu huotesha gome jipya, mradi mchunaji asiwe na tamaa ya kufika ndani. Kihasibu tungesema: chukua faida, mtaji uache.

Leo ubuyu una soko. Watoto wa Dar es Salaam na Tanga wanaumung'unya wenye sukari na rangi, na Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wake uuzwe kama chakula mwaka 2008. Lakini mnunuzi akija kwetu hununua kwa gunia, na bei anapanga yeye. Faida inapanda lori pamoja na gunia.

Na mibuyu inazeeka. Tukitembea mashambani tunaona mikubwa. Midogo ni nadra. Hapa tuseme ukweli. Mwaka jana mlituchangia fedha za miche. Tuliipanda bila uzio, mbuzi wakaimaliza ndani ya wiki mbili. Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha. Tulisahau kwamba mchicha huliwa na mbuzi. Hasara hiyo ni ya kamati, si ya mvua, na tumeiandika kwenye hesabu zetu bila kuificha.

Mwaka huu tunaomba mambo mawili: uzio wa kitalu, na vifaa vya kuchekecha na kufungasha ubuyu kwa kikundi cha kina mama. Mbegu hatununui, ziko nyumbani, ganda lake gumu linataka kulowekwa maji ya moto tu. Kila shilingi itakuwa na stakabadhi.

Matunda ya miche hiyo wengi wetu hatutayala. Lakini mibuyu iliyotusomesha nayo haikutuletea ankara. Deni lipo, na wa kulilipa ni sisi.

Karibuni kuchangia.